Msoma Mita na Mguu wa Karani

Mtaani tulimwita Mita. Jina lake la kuzaliwa lilijulikana na mkewe, na ofisi ya maji iliyomwajiri, na labda na yeye mwenyewe siku za Jumapili. Siku nyingine zote alikuwa Mita, mwanamume mrefu, mkavu, wa miaka hamsini na kitu, aliyeingia uani kwako mara moja kwa mwezi, akasoma mita ya maji na kutoka kabla hujamaliza kuitikia salamu yake.

Alikuwa na mwendo, bwana. Nyumba mia moja na ishirini kwa siku, kwa miguu, na saa nane mchana alikuwa amemaliza. Siri yake ilikuwa kutopoteza hata kitendo kimoja. Mita za mitaa yetu zimo ndani ya mashimo madogo yaliyojengewa kwa saruji, na kila shimo lina kifuniko kizito cha chuma chenye bawaba upande mmoja. Mita alibeba kulabu ya chuma mfano wa mkongojo mfupi. Aliiingiza kwenye tundu la kifuniko, akavuta, kifuniko kikasimama wima. Aliinama, akafuta kioo kwa kitambaa kilichoning'inia kiunoni, akazitamka namba kwa sauti kama shahidi mahakamani, akaziandika. Kisha aligeuka kuondoka, na wakati mguu mmoja ulishaanza safari ya nyumba inayofuata, kisigino cha mguu wa pili kilirudi nyuma na kukipiga kifuniko. Bwa! Kimefunga. Hakutazama. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kutazama, na hapakuwa na sababu ya kutazama.

Mbwa hakuwapenda. Msoma mita gani anapenda mbwa? Walishamuuma mara nne, na alama zote alikuwa nazo, mbili kwenye shavu la mguu, moja mkononi, na ya nne mahali ambapo mkewe alikuwa akiwasimulia mashoga zake hadi wanashika mbavu. Kwa hiyo siku alipotokea mtaani akiwa na mbwa nyuma yake, watu walitoka vibarazani kutazama.

Alimkuta kwenye nyumba iliyohamwa. Ofisi ilimtuma akasome namba ya mwisho ya wapangaji waliokwishaondoka, naye akakuta mlango umefungwa, uani kweupe, na karibu na shimo la mita mbwa mdogo wa rangi ya udongo amefungwa kwa waya. Sufuria lililokuwa mbele yake lilikuwa kavu. Mita alifungua kifuniko, akasoma, halafu akatazama ule usukani mdogo ulio katikati ya kioo, ambao huzunguka maji yanapopita. Ulikuwa umesimama tuli. Baadaye alimwambia mkewe kwamba hicho ndicho kilichomshinda. Alivumilia macho ya yule mbwa, lakini ule usukani uliosimama, na kiumbe chenye kiu kimefungwa hatua moja kutoka kwenye maji, hakuweza.

"Na hapa nyumbani haingii ndani," mkewe alisema. "Mimi niliolewa na mtu mmoja tu."

"Hatakaa ndani. Ni wa kazini."

Na kweli akawa wa kazini. Kila nyumba aliyoingia Mita, yule mbwa aliingia hatua mbili nyuma yake, akasubiri namba zitamkwe, akatoka naye. Watu wakampa cheo: Karani. Alikuwa na udhaifu mmoja tu. Katika mashimo ya mita, mahali penye ubaridi na unyevu, hukaa vyura, na Karani alikuwa na mapenzi ya ajabu na vyura. Hakuwala. Aliwatazama tu, ameinamisha kichwa, masikio mbele, kama mtu asomaye barua iliyotoka mbali.

Siku ya ajali ilikuwa asubuhi ya jua jembamba. Walikuwa nyumbani kwa Mama Cherehani, mshonaji wa sare za shule, ambaye huweka mashine yake barazani apate mwanga, na kupata pia habari za mtaa. Mita alikwishasoma na kuandika, na alikuwa anageuka.

"Shemeji," Mama Cherehani alimwita, uzi mdomoni, "hebu niambie ukweli. Kati yako na huyo Karani, nani anamfuga mwenzake?"

"Yeye ndiye bosi. Mimi nabeba kalamu tu."

"Ndiyo maana yeye amenenepa na wewe unazidi kukauka!"

Mita alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka kwa nadra, na alipocheka aliinua uso juu. Kisigino kikarudi nyuma, kama kilivyorudi nyumba elfu na elfu kabla ya hapo, kikakipiga kifuniko. Mlio wa chuma haukuwa ule uliozoeleka. Ulikuwa mlio mfupi, mzito, na ndani yake sauti nyingine ambayo Mita hakuwahi kuisimulia vizuri kwa mtu yeyote.

Karani alikuwa ameweka mguu wa mbele wa kulia ukingoni mwa shimo, akimtazama chura.

*

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono minene na sauti ya upole, na siku nyingi kazi yake ilikuwa ng'ombe, mbuzi na kuku. Zahanati yake ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi wenye benchi la mbao. Alimlaza Karani mezani, akamchoma sindano ya maumivu, akampiga picha ya eksirei, kisha akaining'iniza picha dirishani ili mwanga upite.

"Gari?" aliuliza.

"Ndiyo, gari," Mita alijibu.

Daktari alifuatisha mfupa kwa ncha ya kalamu. "Gari huvunja ovyo, Mzee wangu. Hapa naona mstari mmoja, mifupa yote miwili imekatika pamoja, kama iliyobanwa na mlango." Hakumtazama. "Sikuulizi ili nikuhukumu. Nauliza kwa sababu chuma chenye kutu kina uchafu wake, na dawa yake ni tofauti."

Mita aliangalia buti lake la kulia.

"Ni kisigino changu," alisema. "Nilifunga kifuniko bila kutazama."

"Haya. Sasa tunaweza kufanya kazi."

Akamweleza njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuukata mguu, jambo rahisi, na mbwa wengi huishi vizuri na mitatu. Ya pili ilikuwa kuufungua, kuunganisha mfupa kwa bamba la chuma na skrubu sita, na kuomba. Bamba la ukubwa ule hakuwa nalo. Angeliomba kwa daktari mwenzake wa mifupa ya watu, aliyetumia la namna hiyo kwa watoto. Na baada ya upasuaji, wiki nane bila kukimbia, bila kuruka, bila kupanda hata ngazi moja.

"Huyu ana kazi, Daktari," Mita alisema. "Anatembea nyumba mia moja na ishirini." Alisema kwa namna ya mtu anayemwombea ndugu yake asifukuzwe kazi. Daktari akaelewa kwamba hapo njia imechaguliwa.

Upasuaji ulifanyika siku iliyofuata, asubuhi. Mita aliketi kwenye benchi pamoja na bibi mmoja aliyempakata kuku mgonjwa ndani ya kikapu.

"Wako ana nini?" bibi aliuliza.

"Mguu."

"Wangu hataki kutaga. Nimemwambia leo anachagua mwenyewe, kati ya daktari na sufuria."

Wakati mwingine angecheka. Siku hiyo aliogopa kucheka. Aliinuka, akazunguka ukumbi, akatoka nje uani, na miguu yake, isiyojua kufanya kitu kingine, ikampeleka mahali penye kifuniko cha chuma pembeni mwa ukuta. Kulabu hakuwa nayo. Alipiga magoti, akakiinua kwa vidole, akafuta kioo kwa kiganja.

Usukani ulikuwa umesimama.

Ndani kulikuwa na vyumba viwili tu na watu wawili, daktari na msaidizi wake, na mikono yao ilikuwa kazini. Hakuna aliyefungua bomba. Mita alibaki pale amepiga magoti akitazama kile kinyota cha chuma kisichosogea. Alikuwa amesoma mita miaka kumi na tisa, akiziona kama namba, na hakuwahi kufikiri kwamba nyuma ya kila namba kuna mtu anayenawa, anayepika, anayemwosha mtoto. Sasa alingoja maji kama mgonjwa anavyongoja kuitwa. Usukani ulitikisika kidogo, ukasimama. Moyo wake ukafanya vivyo hivyo. Jua likapanda ukutani. Bibi mwenye kuku alichungulia mlangoni, akamwona mtu mzima kapiga magoti mbele ya shimo, akarudi ndani bila kuuliza.

Kisha usukani ukaanza kuzunguka. Ulizunguka kwa nguvu, kwa muda mrefu, mzunguko juu ya mzunguko, na Mita akajua kwamba daktari ananawa mikono. Akaweka kifuniko chini polepole kwa mikono yote miwili, kama mtu anayelaza mtoto. Alipoingia ukumbini, mlango wa ndani ulikuwa ndio kwanza unafunguliwa.

"Amemaliza," alimwambia bibi kabla daktari hajatamka neno.

"Mfupa umekaa," daktari alisema, akijikausha. "Nimefanya sehemu yangu. Iliyobaki ni yenu na yake."

*

Nyumbani, mkewe alikuwa amekwisha kutenga kona ya jikoni. Alikuwa amepanga mbao za kitanda cha zamani pande tatu, katikati akatandika kanga mbili zilizochakaa. Mita alisimama mlangoni na mbwa mikononi.

"Ulisema asiingie ndani."

"Nilisema haingii. Huyu umembeba." Akasogeza kiti. "Mpitishe huku, usimgonge mguu."

Siku ya tatu Mita alimweleza kisa cha kisigino. Alikuwa amemdanganya naye kwamba ni gari. Mkewe alikuwa anachambua maharagwe, na alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso.

"Mama Cherehani aliniambia siku ileile," alisema. "Nilikuwa nakungoja."

Tangu hapo mzigo ule waliubeba wawili, na Mita alilala usingizi wa kawaida kwa mara ya kwanza tangu ajali.

Shida kubwa ya wiki zile nane haikuwa kidonda wala bendeji. Ilikuwa kazi. Karani alijua sauti zote za kwenda kazini: buti likikazwa kamba, kulabu ikigonga fremu ya mlango. Alipozisikia tu, alijaribu kusimama kwa mguu uliofungwa. Kwa hiyo nyumba ile ilijifunza wizi. Mita aliondoka asubuhi miguu mitupu, buti kwapani, akazivaa nyuma ya ukuta wa jirani. Kulabu ililala kwa fundi wa baiskeli. Namba, ambazo alizoea kuzirudiarudia akinywa chai, alizimeza. Majirani walipomwona anatoka kwa kunyata, walimuuliza amefumaniwa wapi, naye akawajibu, "Kaeni kimya, Karani yuko likizo ya ugonjwa, akisikia atarudi kazini."

Mkewe, aliyeolewa na mtu mmoja tu, alikaa mchana kutwa karibu na zile mbao. Aliongea na Karani kuhusu dadake asiyepiga simu na goti lake linalouma mawingu yakitanda. Siku moja Mita alirudi mapema akamkuta anamuuliza mbwa kama chumvi imetosha.

Wiki ya nane picha mpya ilining'inizwa dirishani. Daktari alitabasamu. Bamba lilikuwa mahali pake, skrubu sita zimetulia, na mstari mweusi wa mvunjiko ulikuwa umefifia kama mwandiko wa penseli uliofutwa.

"Mfupa umepona. Mteremshe atembee."

Karani aliteremshwa, akatembea kwa miguu mitatu. Ule wa nne aliukunja kifuani, mwembamba, umenyolewa, kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akitunze. Wakamsubiri. Wakamwita kutoka upande wa pili wa ukumbi. Alikuja mbio kwa furaha yake yote, kwa miguu mitatu.

Daktari alichuchumaa, akaukunjua mguu, akaukunja. "Hauumi. Ila amezoea kuishi bila huu, na anaogopa. Misuli inakauka, Mzee. Nakupa mwezi mmoja. Baada ya hapo kano zitafupika, na mguu utabaki hivi kama mwavuli uliofungwa. Ukifika hapo, chuma changu hakina maana."

"Nifanye nini?"

"Tembea naye polepole. Mbwa akienda haraka, miguu mitatu inamtosha. Akienda polepole sana, mwili unayumba, na siku moja ataona bora aushushe." Alimtazama Mita, ambaye hata pale alipokuwa amesimama miguu yake ilikuwa kama inaondoka. "Polepole mpaka uone aibu."

Na aliona aibu kweli. Kila siku baada ya kazi, mwanamume ambaye mtaa mzima ulimjua kwa mwendo alipita barabarani akiwa ameshika kamba, akiinua mguu na kuuweka, akiinua na kuuweka, kama anayetembea juu ya mayai.

"Mita! Umemeza jiwe?" fundi wa baiskeli alipaza sauti.

"Mwendo wa harusi huo, bwana harusi!" akadakia mwingine. "Bibi harusi ana miguu mingapi?"

"Mitatu," Mita alijibu. "Wa nne unakuja."

Lakini haukuja. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Kwa mwendo ule aliona mambo ambayo kwa miaka kumi na tisa yalimpita: mzee wa nyumba ya kona alikuwa kipofu wa jicho moja, na mwalimu wa hisabati alipanda maua dirishani. Watu waliuliza hali ya Karani, wengine wakatoka na kipande cha nyama, na Mita aliwashukuru kila mmoja kwa sauti ndogo, kwani alihisi wanamkopesha kitu asichostahili. Ni yeye aliyeuvunja mguu. Na mbwa, ambaye ndiye pekee aliyekuwa na haki ya kumkasirikia, kila jioni alilaza kidevu chake juu ya buti lile lile la kulia.

Mahali pamoja tu hawakupita. Uchochoro wa Mama Cherehani Mita aliukwepa. Hata kazini, nyumba zile alibadilishana na mwenzake.

Siku nne kabla ya mwezi kwisha, mwenzake aliugua. Msimamizi alimpa Mita karatasi za uchochoro ule. Alizitazama kwa muda mrefu. Kisha alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akaenda nyumbani kumchukua Karani, mwenzake wa kazi.

Walifika saa nne asubuhi. Mashine ya kushona ilinyamaza. Mama Cherehani alisimama na mkono kifuani.

"Shemeji. Nilidhani hutakanyaga tena hapa." Sauti yake ilikuwa haina mzaha. "Mimi ndiye niliyekuchekesha. Tangu siku ile nikifika kwenye kifuniko hicho nazunguka."

"Ulinichekesha, dada. Kosa si kuchekesha. Mimi ndiye sikutazama."

Karani alikuwa amesimama mbali kidogo, mguu umekunjwa, mwili unatetemeka. Mita hakuivuta kamba. Aliiweka kulabu chini ukutani, mbali. Akapiga magoti, akakiinua kifuniko kwa mikono, taratibu, bila mlio. Akatafuta kipande cha tofali, akakichomeka kwenye bawaba ili kifuniko kisiweze kuanguka hata kikipigwa teke. Akakitikisa mara mbili, tatu, mbwa aone. Kisha akasogea pembeni, akakaa chini kabisa, kwenye vumbi, akangoja kama alivyongoja siku ile mbele ya ule usukani.

Ndani ya shimo kitu kikaruka majini. Chubwi!

Masikio ya Karani yakaenda mbele. Alisogea hatua moja, akaruka kwa mguu wake mmoja wa mbele, akasimama. Akasogea tena. Alipofika ukingoni akainamisha kichwa, lakini kwa mguu mmoja hakuweza kuinama. Mwili uliyumba, akarudi nyuma. Akajaribu upande mwingine. Akayumba. Chura akakoroma mara moja, kwa kiburi cha mwenye nyumba.

Mguu mwembamba ukakunjuka. Ukateremka polepole, ukagusa saruji kwa ncha za kucha, ukainuka kama uliogusa moto, ukateremka tena. Vidole vikatanuka. Uzito ukaingia. Karani akasimama kwa miguu minne ukingoni mwa shimo, ameinama, anatazama.

Mama Cherehani aliziba mdomo kwa kitambaa cha sare aliyokuwa akishona. Mita hakusogea. Machozi yalishuka yenyewe, na aliyaacha, kwa sababu kuyafuta kungekuwa kitendo, naye aliogopa kitendo chochote.

Muda ulipita, sijui kiasi gani. Chura alijificha, Karani akanyanyua kichwa, akamwendea Mita na kumlazia kidevu kwenye goti. Alichechemea vibaya sana, lakini alichechemea kwa minne.

Baadaye Mita aliondoa tofali, akakiteremsha kifuniko kwa mikono miwili mpaka kikakaa. Akamshukuru Mama Cherehani, akashika kamba, na wakatoka wawili wale polepole. Walikuwa wamefika nyumba ya tatu waliposikia ukelele nyuma yao.

"Shemeji! Na namba yangu je?"

Mita akasimama. Akatazama karatasi yake. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, alikuwa amefungua mita na hakuisoma.

"Turudi, Karani," alisema. "Hatuna haraka."